Akiteng na saa moja ya kimya pale Malaba

Saa sita na nusu mchana, Ijumaa. Dkt. Akiteng Emorut amesimama kwenye kizingiti cha maabara yake, mkono kiunoni, akiitazama barabara kama mtu aliyeweka maziwa mekoni na hataki yafurike. Foleni ya matrela imeanzia kwenye geti la forodha la Malaba na kurudi nyuma hadi jicho linapokoma. Hakuna trela linalosogea, lakini injini zote zinanguruma, maana kila dereva anaamini kwamba zamu yake imekaribia.

"Bado," anasema, kisha anakohoa kwenye leso. "Edris hajashuka."

Edris ndiye dereva wa trela la buluu lililosimama karibu na mlango huu. Ni mzee wa Busia mjini, mwenye kofia nyeupe na tumbo la mtu asiyekubali safari imnyime chakula. Anazima injini, anashuka akiwa na kandambili na chupa ya maji ya kutawadhia, anafunga mlango kwa ufunguo na kumpungia Akiteng mkono.

"Daktari, mimi nimezima," anasema. "Wewe fanya kazi yako, sisi tunaenda kwa Mungu."

Nyuma yake wengine wanashuka: vijana wa Mombasa, Wasomali wa Garissa, Waganda wawili waliovaa kanzu. Wasio Waislamu nao wanazima, wengine kwa heshima, wengine kwa hesabu rahisi kwamba foleni haiwezi kulipita trela lisilo na dereva. Baada ya muda mfupi Malaba inanyamaza kiasi kwamba mbuzi anasikika akilia ng'ambo ya barabara.

"Sasa," anasema Akiteng, na kuingia ndani akinyata.

Huyu ni mwanasayansi, na hiyo sala ya Ijumaa ya watu wengine ndiyo saa yake ya kazi. Yeye mwenyewe ni Mkristo, Mteso wa papa hapa, binti wa marehemu Emorut aliyekuwa akilima mihogo na wimbi nje kidogo ya mji. Ana miaka arobaini na miwili. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akichunguza seli za neva, na hasa milango midogo iliyo kwenye ngozi ya seli hizo.

Ukigusa sufuria ya moto na mkono ukaruka wenyewe, anaeleza, habari hiyo imesafiri kwenye neva kwa umeme mdogo sana. Umeme huo haukutoka kwenye waya. Umetokana na chembe za chumvi zinazoingia na kutoka ndani ya seli kupitia milango hiyo. Vitabuni inaitwa njia za ayoni. Akiteng anaiita milango tu, na mwandishi wa makala haya akashukuru kwa hilo.

"Mlango mzima unafunguka, chumvi inapita, unafungwa, na wewe hujapepesa jicho," anasema. "Mlango mbovu una ubishi wa aina mbili. Kuna ule unakataa kufunguka na kuna ule unasahau kufunga. Yote miwili inaweza kumwangusha mtu."

Anaposema kumwangusha mtu, anamaanisha kifafa. Na anaposema mtu, jicho lake linaelekea kwenye kona ya chumba, ambako mama yake, Akiror, ameketi kwenye kigoda akiwa amefunga kitambaa cha kijani kichwani, ametulia kama mtu aliye kanisani.

Maabara yenyewe ni vyumba viwili vya nyuma vya jengo lililokuwa stoo ya mahindi. Katikati kuna bamba la jiwe lililokalishwa juu ya matyubu manne ya trela, yakiwa yamejazwa hewa kiasi, ili mtetemo wa barabara ufie kwenye mpira kabla haujafika juu. Matyubu hayo aliyatoa Edris. Juu ya bamba iko hadubini, na hadubini imezungushiwa waya wa kuku pande zote, wa kuzuia umeme wa mtaani usiingilie ule mdogo wa seli. Mgeni asiyeambiwa hudhani daktari anafuga kuku, na kuna majirani ambao mpaka leo wanauliza lini ataanza kuuza mayai.

Seli zenyewe huja kwa basi. Wenzake wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi huzipakia kila Alhamisi kwenye kisanduku chenye joto la mwili wa binadamu, na konda amezoea kukiweka miguuni pake. Akifika Malaba humpigia Akiteng simu na kumwambia kwamba kifaranga chake kimefika. Kifaranga hicho hakimalizi siku tatu. Kwa hivyo Alhamisi jioni seli zinafika, Ijumaa mchana matrela yanazima, na katikati ya mambo hayo mawili kuna saa moja tu ya kufanya sayansi.

Hakuanza hivyo. Alipoifungua maabara hii miaka miwili iliyopita, alifanya kazi siku yoyote na saa yoyote, na punde si punde akaona jambo la ajabu. Kwenye skrini yake mstari ulikuwa ukitetemeka kwa mapigo yaliyopangika, mazuri, kama moyo. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba mlango wa neva hupiga hivyo. Alisafiri hadi Nairobi, akasimama mbele ya wenzake na kuwaonyesha picha zake kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi.

Aliporudi akagundua kwamba mapigo hayo hayakuwepo katika kazi yoyote ya Ijumaa mchana. Akawaza na kuwazua. Ijumaa iliyofuata alitoka nje kupunga upepo, akakuta barabara imenyamaza, na hapo akajua. Yale mapigo yalikuwa injini za matrela zilizosimama, zikiitikisa ardhi hadi kwenye mrija wa kioo anaougusisha kwenye seli.

Edris alipopewa habari hiyo alicheka hadi akashika bampa.

"Nilimwambia, Daktari, hiyo seli yako ni Muislamu," anakumbuka. "Kazi inaacha, inaenda msikiti."

Wenzake wa Nairobi hawajasahau, na kila mkutano hakosi wa kumuuliza kama trela lake limeshavuka mpaka. Akiteng hucheka nao. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku hiyo akiona mstari mzuri kwenye skrini, kwanza hutoka nje kusikiliza barabara.

Sasa, mtu mwenye akili atauliza: kwa nini mwanasayansi anayehitaji kimya aje Malaba, mahali ambapo hata punda hupiga kelele kwa lugha mbili? Jibu limekaa kwenye kigoda, limefunga kitambaa cha kijani.

Akiteng alikuwa darasa la nne mama yake alipoanguka mbele ya watu. Ilikuwa baada ya mavuno, nyumbani kwa baba mkubwa. Nyungu ya pombe ya wimbi ilikuwa katikati ya uwanja, maji ya moto yakiongezwa, na watu wazima wameizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, kama ilivyo desturi ya Wateso. Akiror alikuwa ameshika wake. Akaanguka kando ya nyungu, akatetemeka, povu likamtoka.

Watu waliogopa kwamba ugonjwa umeingia kwenye chungu. Walikimwaga chote. Shemeji yake mmoja aliuvunja mrija wa Akiror gotini na kuutupa jalalani. Tangu siku hiyo Akiror hakualikwa tena kwenye mduara. Alipotembelea watu aliletewa kikombe, na kikombe hicho kilitundikwa peke yake kwenye mlango wa jiko, kikimngoja yeye tu.

"Hakuna mtu alinitusi," anasema Akiror. Kiswahili chake anakiongea taratibu. "Wao walikuwa tu wanahama. Mimi nikikaa hapa, wao wanakaa pale. Nikienda pale, wanakumbuka wana ng'ombe wa kufunga."

Binti yake aliyaona hayo yote, na akayabeba shuleni, kisha chuoni, kisha ng'ambo kwa miaka mitatu ya masomo. Alipochagua neva hakuna aliyemuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe husema kwamba alitaka kumjua huyo aliyekuwa akimwangusha mama yake, amtazame machoni.

Akiwa mwanafunzi nusura aache. Kazi yake inahitaji mrija wa kioo, ambao huuyeyusha kwa moto na kuuvuta hadi ncha yake iwe nyembamba kuliko unywele. Ncha hiyo huiteremsha hadi iguse seli. Kwenye upande wa pili wa mrija kuna mpira mwembamba, na mpira huo mtafiti huuweka mdomoni na kuvuta pumzi kidogo sana, hadi ngozi ya seli ing'ang'anie kioo. Ikishika vizuri, umeme haupenyi pembeni, na mlango mmoja ulio chini ya ncha unaonekana kwenye skrini ukifunguka na kufungwa. Ukivuta kwa nguvu, seli inapasuka. Akiteng alizipasua kwa wiki nyingi, kisha akampigia mama yake simu kumwambia anaacha.

"Aliniuliza, kwani kazi yenyewe ni gani? Nikamwambia ni kuvuta na mrija," anasimulia. "Akaniambia, basi vuta kama mgeni."

Mteso yeyote anaelewa. Mgeni mwenye adabu huvuta pombe kidogokidogo, akipumzika, ili makapi ya chini yasiamke. Mwenye kiu akivuta kwa pupa, makapi huziba kichujio na mrija unakufa. Wakati Akiror akitoa ushauri huo kwenye simu, ilikuwa imepita miaka mingi bila yeye kushikishwa mrija. Kesho yake Akiteng alivuta kama mgeni, na seli ikashika.

Miaka minane iliyopita Akiror alianguka akiwa peke yake jikoni, na mkono wake wa kushoto ukaingia motoni. Vidole viwili havinyooki tena. Akiteng alimchukua akae naye Nairobi, lakini mama alidumu wiki tatu tu, akatangaza kwamba huko hata jogoo huwika kwa kuomba ruhusa, akarudi kwake. Ndugu zao wa karibu wako upande wa Uganda na wana mizigo yao. Mwishowe ni binti aliyehama. Chuo kikamwazima mashine ya zamani iliyokuwa ikikaribia kustaafu, akaipakia kwenye pikapu, ikaja Malaba ikiwa imefungwa kwa magodoro matatu.

Damu ya Akiror ilichunguzwa Nairobi. Ikaonekana kwamba katika maagizo ambayo mwili wake hutumia kujenga mlango mmoja wa neva, kuna dosari. Wataalamu waliyapanda maagizo hayo ndani ya seli za maabara, na seli hizo zikajenga mlango ule ule, wa Akiror, wenye hitilafu yake. Hizo ndizo zilizokuja kwa basi jana.

Ambacho hakuna anayekijua ni ubishi wa mlango huo. Unakataa kufunguka, au unasahau kufunga? Si swali la vitabuni. Dawa inayowasaidia wa aina moja huweza kuwazidishia wa aina nyingine, na kwa miaka mingi Akiror amekuwa akipewa mara hii, mara ile, kwa kubahatisha. Dawa ya kwanza ilimwangusha zaidi. Anayomeza sasa inamlaza mchana kutwa, na mwezi uliopita bado alianguka mara tatu. Daktari wake wa kliniki amesema hatabadilisha kitu tena gizani.

Leo, kwa hivyo, ni siku yenyewe, na pia huenda ikawa ya mwisho. Chuo kinaona Malaba inatikisika mno na mashine inaharibikia bure. Jumatatu lori linakuja kuirudisha Nairobi, ambako itapewa watafiti wengine waliopanga foleni ndefu kuliko ya matrela. Aliyetumwa kutazama mara ya mwisho ni Dkt. Mathew Ojiambo, mwalimu wa zamani wa Akiteng, mtu wa Marachi, mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka. Amesema wazi kwamba akiona mlango mmoja tu ukisomeka hapa, mashine haitaondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu amekalishwa nje, kwenye kiti cha plastiki.

"Ukitembea naona kila hatua yako kwa skrini," Akiteng alimweleza.

"Nikipumua je?"

"Pumua kidogo."

Mwandishi ameruhusiwa kusimama mlangoni bila viatu. Kwenye karakana ya jirani, Ochom, fundi wa kuchomelea mageti, ametundika miwani yake ya kazi kwenye msumari wa nje. Hiyo ndiyo ishara yao kwamba amezima mashine yake mpaka aambiwe. Yeye naye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, ananong'ona na simu yake.

Tatizo ni moja, na limekuja bila kualikwa. Akiteng alinyeshewa Jumanne na ana mafua. Kikohozi kinamshika bila taarifa.

Anainamia hadubini. Mkono wa kulia unazungusha kitasa kidogo, na ncha ya kioo inashuka. Anaweka mpira mdomoni, anavuta. Kifua kinapanda. Anakohoa, na kwenye skrini mstari unaruka juu kama panzi.

"Imekwenda," anasema.

Anabadilisha kioo na kutafuta seli nyingine. Safari hii anabana pumzi hadi machozi yanamlenga. Mstari unaanza kunyooka, unanyooka zaidi, na hapo hapo kikohozi kinamtoka. Ya tatu nayo inapasuka. Katika seli kumi za siku ya kawaida hupata mbili zinazoshika. Leo hii hana nafasi ya kumi.

"Pole, Akiteng," inasikika sauti ya Dkt. Mathew kutoka nje.

"Daktari, usiongee, tafadhali."

Anakaa wima. Kwa muda anautazama ule mpira mkononi mwake. Kisha anakata ncha ya mpira aliyokuwa akiivuta, anachomeka mpya, anaipangusa kwa spiriti, na kugeukia kwenye kona.

"Toto," anasema, ambalo kwa Kiteso ni mama. "Njoo univutie."

Akiror hasogei. Anautazama mpira, kisha anamtazama binti yake.

"Mimi?"

"Wewe. Mikono yangu iko na kazi, na kifua changu kimekataa."

"Na watu wa Nairobi watakubali?"

"Watu wa Nairobi wako nje kwa kiti."

Mama anajifuta midomo kwa ncha ya kitambaa chake. Anasimama, anasogeza kigoda karibu, halafu anasita tena.

"Na nikianguka hapa juu ya hivi vitu vyako?"

"Ukianguka nitakushika. Kwani nimekushika mara ngapi?"

Akiror anaupokea ule mpira kwa mikono yote miwili, wenye vidole vizima na wenye vidole vilivyopinda, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Anauweka mdomoni. Akiteng ameshainama tena, jicho moja kwenye hadubini, jingine kwenye skrini, na ncha ya kioo inashuka kuelekea seli ya nne.

"Sasa, toto. Kama mgeni."

Akiror anavuta. Hakuna kinachoonekana kwake, si shavu wala bega. Mstari uliokuwa ukichezacheza unatulia kidogo. Unatulia tena. Akiteng ananong'ona kwa Kiteso, neno moja moja, na mama anafuata. Kisha mstari unanyooka wote, kimya, kama maji ya mtungi yaliyoachwa yatulie.

"Acha," anasema Akiteng. "Acha, acha. Imeshika."

Tabia haina dawa, na jambo la kwanza alifanyalo ni kusikiliza barabara. Hakuna injini. Mbuzi analia. Anagusa kitufe, na seli inapewa msukumo mdogo wa umeme, ule ambao neva humpa jirani yake.

Mstari unashuka kidato kimoja, kama mtu aliyekanyaga ngazi. Mlango umefunguka. Akiteng ameiona milango mizima kwa maelfu, na anajua la kutarajia: kidato chini, kidato juu, kwisha. Lakini huu umeshuka na umebaki huko. Unapanda. Kabla haujafungwa vizuri unashuka tena, unakaa, unapanda, unashuka. Anarudia msukumo. Ni vile vile. Anarudia tena na tena, na mlango unafanya ukaidi ule ule.

"Hiyo ndiyo yangu?" anauliza Akiror. Ameutoa mpira mdomoni lakini bado ameushika.

"Ndiyo yako."

"Mbona inakaa wazi?"

Machozi yanamtoka binti, na safari hii si ya kikohozi. Anayaacha yashuke kwa sababu mikono yake haiwezi kuachia vitasa.

"Inasahau kufunga, toto. Inafunguka vizuri tu. Ni kufunga inasahau."

Akiror anaitazama skrini kwa muda mrefu. Kidato chini, kidato juu, kidato chini.

"Kumbe ni mlango tu," anasema hatimaye. "Na walimwaga nyungu nzima ya watu."

Dkt. Mathew ameshindwa kukaa kitini. Amevua viatu na amefika mlangoni kwa kunyata, jambo la kuvutia kwa mtu wa umbo lake, na anachungulia juu ya bega la mwandishi. Anahesabu vidato kwa midomo tu. Hakuna aliyemfukuza.

Zikapita dakika chache nzuri. Halafu nje mlango wa trela ukabamizwa, Edris akawasha, na nyuma yake injini zikaitikia moja baada ya nyingine hadi mwisho wa foleni. Mstari ukaanza kutetemeka kwa yale mapigo ya zamani, ukakatika. Kwa kawaida Akiteng huyalaani matrela kwa Kiteso wakati huo. Leo aliyacheka.

Anasisitiza kwamba seli moja si ushahidi. Atahitaji kurudia kwenye seli nyingi, kwa Ijumaa nyingi, na uamuzi wa dawa ni wa daktari wa kliniki, si wake. Lakini sasa ana cha kumpelekea, na daktari hatatembea tena gizani. Kwa mara ya kwanza anajua ni upande upi wa kutazama.

Dkt. Mathew alikuwa ameshatoka na simu sikioni.

"Lori la Jumatatu lisije," alikuwa akimwambia mtu wa Nairobi, akipaza sauti ili ashinde injini. "Nasema lisije. Hapa panatikisika, ndiyo, lakini kuna watu wanajua kunyamaza."

Chakula cha mchana kililiwa saa tisa, uani, nyuma ya maabara: ugali wa wimbi na mihogo na mboga ya majani iliyotiwa karanga. Ochom alikaribishwa, na Edris, ambaye foleni yake ilikuwa imesogea urefu wa trela moja tu, alikuja na soda. Akiteng alikula kwa haraka kama mtu aliyefunga tangu juzi. Kisha, akinywa chai ya tangawizi ya kumtibu kifua, alieleza anachokusudia.

Ana mipango miwili. Wa kwanza ni wa kisayansi. Anataka kuwapima watu wengine wa Busia wenye kifafa, upande huu na upande wa Uganda, wale wanaofichwa kwenye vyumba vya nyuma. Anataka milango yao isomwe hapa hapa wanakoishi, na tayari familia mbili za Marachi zimeshaulizia.

Mpango wa pili ni wa Desemba, wimbi litakapokuwa ghalani. Anataka kuweka nyungu katikati ya uwanja wa nyumba yao na kuwaita wote, hata yule baba mdogo aliyevunja mrija, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo. Haitakuwa pombe, kwa kuwa Akiror alikatazwa na kliniki na mwenyewe anasema hana haja nayo. Utakuwa uji mwepesi wa wimbi, wa moto. Lakini nyungu itakuwa moja, mirija itakuwa mingi, na wa kwanza kuvuta atakuwa mama.

"Nilimpa ule mpira leo kwa sababu nilikuwa na kikohozi," anasema Akiteng. "Hiyo ni kweli. Lakini hata ningekuwa mzima, sijui. Pengine bado ningempa."

"Na watu wakikataa kukaa?" mwandishi aliuliza.

Akiteng alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Ochom. Siku nyungu ilipomwagwa alikuwa mtoto mdogo wa jirani, na anakumbuka kwamba yeye na wenzake walikatazwa kupita mahali pombe ilipolowesha udongo. Aliweka sahani yake chini, akajifuta mikono kwenye suruali ya kazi.

"Mama, mrija nitakuletea mimi," alimwambia Akiror. "Kuna mzee kule Tororo bado anatengeneza ile mizuri ya zamani. Nitanunua miwili, yako na yangu. Sasa niambie tu, siku hiyo mimi nitakaa wapi?"

Akiror alimtazama, kisha kwa mkono wake wa kushoto, ule ulioungua, akapapasa udongo wa kando yake.

"Kaa hapa," alisema. "Lakini uvute kama mgeni."